Mwaka 1863 Hautuhusu Sisi wa Mwanza

Naishi Manchester, kwenye jengo ambalo zamani lilikuwa ghala la pamba. Madirisha yake ni ya mbao, marefu, yenye kioo kimoja, na upepo wa Januari unapita pembeni mwake bila kuuliza. Mwenye nyumba aliomba ayatoe aweke ya kisasa yenye vioo viwili. Halmashauri ikamkatalia. Jengo limo kwenye orodha ya urithi, madirisha ni sehemu ya jengo, na kuyabadilisha bila kibali ni kosa la jinai. Kwa hiyo nalala na soksi, na bili ya gesi inapanda.

Nilikasirika kweli. Jioni moja nikaifungua hiyo orodha kwenye simu, nikatafuta anwani yetu. Nikakuta jengo zima limeelezwa: matofali ya aina gani, nguzo za chuma zimepangwaje ndani, ngazi iko upande upi, wapi pamebadilishwa, na sababu za kuliorodhesha. Kuna mtu alikuja, akalikagua, akaandika, na alichoandika anakisoma yeyote atakaye. Hapo hasira yangu ikahama, ikaenda Mwanza.

Kwetu habari za jengo huja na X nyekundu. Mnaijua. Asubuhi unapita, ukuta una X, na ukibahatika kuna tarehe chini yake. Kama ni watu wa barabara, watu wa mipango miji au mnunuzi mpya, utajua tingatinga likishafika. Nyumba aliyopanga marehemu babu yangu katikati ya mji, ile yenye mafundi cherehani barazani, iliondoka hivyo. Nilipompigia shangazi kumuuliza kwa nini, akanijibu, "Wamesema ni chakavu, mwanangu." Waliosema ni ofisi gani na kwa karatasi ipi, mpaka leo hakuna anayejua.

Hilo neno "chakavu" ndilo linaloniuma. Historic England, taasisi ya serikali inayoshughulika na kazi hii huku, haihesabu uchakavu inapopima kama jengo linastahili kuorodheshwa. Hata kama paa limeanguka. Kinachoulizwa ni kama jengo lina umuhimu wa pekee kwa usanifu wake au kwa historia yake. Umri unasaidia. La kabla ya mwaka 1700 ambalo halijaharibiwa sana huingia karibu moja kwa moja, ya 1700 hadi 1850 mengi huingia, na kadiri jengo linavyokuwa la karibuni ndivyo mchujo unavyokaza. La chini ya miaka 30 ni nadra. Mwenye jengo anasikilizwa, lakini kutaka au kutotaka kwake si kipimo.

Na anayependekeza ni yeyote. Mwalimu mstaafu, dereva wa basi, hata mimi mgeni mwenye baridi. Unajaza fomu, unaweka picha, unaeleza historia ya jengo unavyoijua. Taasisi inachunguza, inawapelekea mwenye jengo na halmashauri maelezo watoe maoni, kisha inamshauri waziri wa utamaduni, naye anaamua. Asiyeridhika ana siku 28 za kuomba uamuzi uangaliwe upya. Kwa mwendo huo orodha imepita mali 400,000. Za daraja la kwanza ni kama asilimia 2.5 tu. Zaidi ya asilimia 90 ya majengo yaliyomo ni ya daraja la pili: nyumba za kawaida, makanisa ya vijijini, viwanda, hadi vibanda vyekundu vya simu. Vibanda vya simu, jamani!

Sasa turudi kwetu. Tunayo Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, na ni sheria ya maana. Inasema jengo lililojengwa kabla ya mwaka 1863 linalindwa moja kwa moja. La baada ya hapo linalindwa tu iwapo waziri atalitangaza katika Gazeti la Serikali. Kwa Kilwa, yenye magofu ya karne nyingi, mwaka huo unatosha kabisa. Lakini hebu tuhesabu pande za ziwa. Wamisionari walifika Bukumbi mwaka 1883. Wajerumani walianzisha kituo Bukoba mwaka 1890, Mwanza mwaka 1892. Reli kutoka Tabora imetufikia mwaka 1928. Maana yake mji wetu wote, kuanzia lile jumba la Mjerumani juu ya kilima hadi maduka ya Wahindi na maghala ya pamba, umezaliwa baada ya mstari. Na waliokuwepo kabla ya mstari, Wasukuma, Wakerewe, Wazinza, walijenga kwa miti, udongo na nyasi. Kipimo cha mwaka kinachowafaa watu wa pwani, wenye kuta za mawe na chokaa, kwetu hakishiki kitu.

Kuna jambo jingine humo. Sheria hiyohiyo inalinda milango na fremu za mbao zilizochongwa kabla ya mwaka 1940. Mlango unaweza kuwa salama kisheria, ukuta ulioushikilia ukawa na X.

Najua kitakachosemwa. "Huyu amekaa Ulaya kidogo, ameanza kutufundisha." Nimekulia Igogo, palepale Mwanza, nimepanda yale mawe na ndoo kichwani, sijasahau. Lilipofunguliwa daraja la Kigongo–Busisi mwaka 2025, kilomita 3 juu ya maji ambayo tulikuwa tukiyasubiria pantoni nusu siku, niliwaonyesha picha wenzangu wote kazini, hata wasioniuliza. Wahandisi tunao, na mafundi wa kujenga nyumba juu ya jabali tunao tangu zamani. Nchi inayoweza kuuvuka Ghuba ya Mwanza kwa miguu haiwezi kuniambia kwamba karatasi moja yenye sababu imeishinda. Hicho tu ndicho ninachodai, na sioni dharau iko wapi.

Mwingine atasema tupewe maji kwanza, ziwa tunaliangalia kwa macho na bomba limekauka. Ana haki, nami naungana naye. Ila kuorodhesha si kununua. Jengo linabaki kwa mwenyewe, kodi anakusanya yeye, matengenezo anafanya yeye. Serikali inachofanya ni kuandika na kumzuia asibomoe kimyakimya. Na wasidhani Waingereza walisubiri washibe. Orodha za mwanzo ziliandikwa wakati wa vita, mabomu yakianguka, ili ijulikane ni majengo gani yaliyopigwa yasimaliziwe kubomolewa. Sheria ya kuorodhesha nchi nzima ikaja mwaka 1947, mkate ukiwa bado unauzwa kwa mgawo.

Wapo pia wa "hayo ni majengo ya mkoloni, yaende." Hawa ndio nabishana nao zaidi, tena usiku nikiwa peke yangu. Mkoloni hakubeba tofali hata moja. Halafu angalieni ni nini hasa kinachotoweka. Mwaka 1955 wakulima wa pamba wa kanda yetu waliunganisha vyama vyao vya ushirika wakapata Shirikisho la Victoria, Paul Bomani akiwa mbele, wakajenga na kununua vinu vyao wenyewe vya kuchambulia pamba. TANU ilikuwa imezuiwa Usukumani tangu 1954 hadi 1958, na mwaka huo wa 1958 watu wa Geita walikuja kwa maelfu hadi Mwanza kupinga amri za serikali. Mambo hayo yalifanyika kwenye majengo, na barabara zina majina. Mwaka 1971 nyumba za kupangisha za thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 zikachukuliwa na taifa, na nusu ya mji wa kati tukaanza kuuita "kwa Msajili", yaani Msajili wa Majumba, ofisi ya serikali iliyozisimamia. Hiyo ni historia yetu ya juzi kabisa, haina Mjerumani ndani yake, na iko kwenye zile nyumba za ghorofa moja ambazo mwaka wa ujenzi umeandikwa kwa saruji juu kabisa, kwenye paji la ukuta. Mara ya mwisho niliyopita hapo, tarakimu za moja ya nyumba hizo zilikuwa zimepakwa rangi ya kampuni ya simu hadi hazisomeki. Ukiweka mkono unazihisi.

Wakati huohuo, kibao kinachojulikana kuliko vyote mjini ni kile cha mnara wa saa, kinachotuambia kwamba tarehe 3 Agosti 1858 Speke, msafiri Mwingereza, aliliona ziwa kutoka kilima cha Isamilo. Babu zetu walikuwa ndani ya mitumbwi yao siku hiyo wakivua. Sisemi king'olewe. Nasema kisibaki peke yake.

Na huku nako wana yao. Sanamu ya Edward Colston kule Bristol, mfanyabiashara wa watumwa, ilikuwa imeorodheshwa daraja la pili waandamanaji walipoiangusha na kuitupa bandarini Juni 2020. Miaka mingi orodha yao ilijaa majumba ya mabwana kuliko nyumba za vibarua. Lakini kwa sababu sababu zimeandikwa, watu wana kitu cha kushika wanapobishana. Wanasema: mmeandika hivi, mmeacha hili, ongezeni. X nyekundu unabishana nayo vipi?

Kuna aliyeniuliza, kama ni wewe ungeanza na jengo gani? Swali zuri. Ningeanza na kinu kimoja cha pamba cha ushirika, kimoja tu, hata kama mashine zimeshauzwa chuma chakavu. Kisha ile ikulu ya mtemi kule Bukindo, Ukerewe, maana watu wa Dar hawaamini tukiwaambia kwamba watemi wetu walijenga hivyo. Kisha mtaa mmoja mzima wa maduka ya zamani mjini, pamoja na baraza zake na mafundi cherehani wake wakiwa wamekaa palepale.

Na si lazima kungoja sheria ya 1964 ibadilishwe, ingawa wabunge wetu wangeweza kuugusa huo mwaka 1863. Halmashauri zina uwezo wa kutunga sheria ndogo. Madiwani wa Jiji la Mwanza na wa Manispaa ya Ilemela wangeweza kukaa wakapitisha mambo matatu: mwananchi yeyote aruhusiwe kupendekeza jengo, orodha ibandikwe ofisi ya kata, na asibomoe mtu jengo lililomo kabla sababu hazijasomwa hadharani na wapangaji kupewa siku za kujibu. Picha za nyumba ya babu ninazo, za kabla na za baada. Diwani atakayezitaka kwenye kikao nitamtumia.