Chumba cha Tausi kina fundi wake

Kuna video inazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp kuhusu Chumba cha Tausi, kile chumba cha kulia cha London ambacho sasa kiko makumbusho huko Washington, Marekani. Msimulizi anammiminia sifa mchoraji James Whistler mwanzo mwisho, kisha karibu na kumaliza anatupia kwamba kulikuwa na msanifu mmoja aliyepata wazimu baada ya kukiona. Hata jina hakulitaja. Imeniudhi sana.

Anaitwa Thomas Jeckyll. Alizaliwa Wymondham, Norfolk, mwaka 1827, akafanya kazi ya kukarabati makanisa, na baadaye akawa miongoni mwa Waingereza wa mwanzo kuyatia mapambo ya Kijapani kwenye vyuma na samani. Mwaka 1876 alikuwa London, nyumbani kwa Frederick Leyland, tajiri wa meli wa Liverpool aliyetaka chumba cha kulia chenye mahali pa kupanga kaure zake za Kichina.

Itazameni kazi yenyewe. Kutani aliweka ngozi ya zamani iliyonakshiwa kwa dhahabu. Mbele yake akasimamisha rafu za mbao za walnati, nguzo zake nyembamba zikipanda kuelekea darini, na kati yake akaacha nafasi za ukubwa tofauti, hapa pa jagi, pale pa kibakuli. Aliyekulia Lamu kwenye nyumba yenye zidaka, vile vishubaka vya ukutani, ataelewa mara moja: ukuta mzima umetengenezwa kwa ajili ya vyombo. Kwenye meko ya kuotea moto akaweka vyuma vya kuegeshea magogo vyenye umbo la alizeti, petali zimetandazwa duara kamili. Vipo hadi leo.

Kisha akaugua. Whistler, ambaye mwanzoni aliombwa ushauri wa rangi tu, akabaki na chumba. Leyland akiwa Liverpool, Whistler akaipaka ile ngozi buluu iliyokolea, rafu akazipaka dhahabu, akachora tausi. Wakagombana kwa malipo: Whistler alidai gini 2,000 (gini ilizidi pauni kidogo), akapewa pauni 1,000, naye akamchora Leyland ukutani kama tausi mwenye sarafu miguuni. Ugomvi huo unasimulika, sikatai.

Ninachokikataa ni ile hadithi ya wazimu. Eti Jeckyll aliingia, akaona kazi yake ilivyofunikwa, akarudi kwake na kukutwa anapaka sakafu dhahabu. Jamani, mtu huyu aliiacha kazi kwa sababu alikuwa tayari mgonjwa! Alifia hospitali ya wagonjwa wa akili huko Norwich mwaka 1881. Maradhi yake yamepinduliwa yakawa ushahidi wa ukubwa wa Whistler, na watu wanasambaza huku wanacheka. Mwenye ndugu aliyeugua namna hiyo anajua inavyouma. Na zile rafu za dhahabu zinazopigwa picha kila siku, nani alizibuni? Rangi ni ya Whistler, chumba ni cha Jeckyll.

Nakubali shingo upande kwamba tausi wale ni wazuri, na kwamba Charles Freer, Mmarekani mkusanyaji wa sanaa, alikinunua chumba mwaka 1904 kwa mapenzi yake kwa Whistler. Bila hivyo huenda kisingesalimika. Nao mafundi wa Japani na China ambao wote hawa walijifunza kwao, majina yao hayatajwi kabisa.

Kazi nyingine ya Jeckyll haikupata bahati hiyo. Mwaka huohuo wa 1876, banda la chuma alilolibuni kwa kiwanda cha Barnard, Bishop and Barnards cha Norwich lilikuwa kwenye maonyesho ya Philadelphia, limezungukwa na uzio wa alizeti. Baadaye likasimamishwa bustani ya Chapelfield, Norwich, na mwaka 1949 likabomolewa. Baadhi ya alizeti zile bado zipo kwenye mageti ya Heigham Park, mjini humohumo. Anayetaka kumjua Jeckyll aanzie hapo, ndipo aende Washington.