Vyombo vya nani? Kutoka kwa Mzee Gurumo hadi bilioni moja ya Ibraah

Mwaka 2013, nyota wa Bongo Fleva Diamond Platnumz alipozindua video ya "Number One" jijini Dar es Salaam, alimzawadia gari Mzee Muhidin Maalim Gurumo, mwimbaji mkongwe wa muziki wa dansi. Gurumo alikuwa ametangaza kustaafu mwaka huohuo, baada ya kuimba tangu miaka ya sitini. Aprili 2014 akafariki dunia. Ukumbini watu walipiga makofi, mitandaoni pongezi zikamiminika, na kwa kweli zilistahili. Ila mimi tukio lile halijanitoka kichwani kwa sababu nyingine. Kijana ambaye hajafikisha hata miaka 25, umaarufu wake una miaka minne hivi, anampa gari mtu ambaye Radio Tanzania ilikuwa haiwezi kumaliza siku bila sauti yake. Hesabu gani hizo?

Jibu la vijiweni ni kwamba wazee walinyonywa, vijana wameamka. Nimelisikia sana, na kuna wakati nililikubali. Lakini kila msanii wa Bongo Fleva anapotoka kwenye lebo yake, yaani kampuni inayogharimia na kusambaza muziki wake, kwa vumbi na lawama, nazidi kuona kwamba jibu hilo lina nusu ya ukweli tu.

Tuanze na neno ambalo vijana hawalitumii tena: mwenye vyombo. Katika muziki wa dansi hakuna aliyeuliza wimbo ni mali ya nani. Swali lilikuwa: vyombo vya nani? Magitaa, ampu, saksafoni, spika, hata maikrofoni, vyote vilitoka nje kwa fedha za kigeni, na fedha za kigeni katika Tanzania ya miaka ya sabini na themanini hazikuwa kitu cha mpiga gitaa kuwa nazo mfukoni. Kwa hiyo bendi zikawa za wenye uwezo wa kuagiza. NUTA Jazz, iliyoanzishwa 1964, ilikuwa ya chama cha wafanyakazi. Urafiki Jazz ilikuwa ya kiwanda cha nguo, Vijana Jazz ya umoja wa vijana wa chama tawala, Bima Lee ya shirika la bima. Polisi, Magereza na JKT nao walikuwa na zao. Mlimani Park ilianza 1978 chini ya kampuni ya usafiri na teksi, ikaja kuchukuliwa na shirika la maendeleo la jiji, DDC, mwaka 1983. Chama cha wafanyakazi kilipobadili jina, bendi nayo ilibadilishiwa: NUTA, kisha JUWATA, kisha OTTU. Waimbaji walewale, nyimbo zilezile, kibao kipya mlangoni. Jina la Msondo Ngoma, ambalo wapenzi walikuwa wakilitumia siku zote, ndilo lililobaki baadaye.

Wapo pia wenye vyombo binafsi. Bendi ya mwimbaji Remmy Ongala ilibeba jina la mfanyabiashara aliyeimiliki, Matimila. Remmy alipokwenda kupiga kwenye matamasha ya WOMAD mwaka 1988 na albamu yake ikatoka mwaka uliofuata, Wazungu walikuwa wakilitamka jina la mtu aliyenunua magitaa kule Dar es Salaam bila kujua. Sijui kama kuna tangazo la bei rahisi kuliko hilo.

Sasa, je, mwenye vyombo alikuwa mnyonyaji? Ukiwasikiliza wanamuziki wa enzi hizo wakisimulia, utakuta malalamiko na shukrani vimechanganyika, na si unafiki. Mwanamuziki wa JUWATA alikuwa mwajiriwa. Mwisho wa mwezi kulikuwa na mshahara, hata kama Jumamosi ile mvua ilinyesha na ukumbi ukawa na viti vitupu. Gita likikatika nyaya, lilikuwa tatizo la mwajiri. Hakulazimika kuwa meneja wake mwenyewe, msemaji wake mwenyewe na mpiga picha wake mwenyewe, mambo ambayo msanii wa leo anayafanya kabla hata hajatunga mstari. Na utulivu huo ulizaa kitu. Zile nyimbo za dakika nane, zenye hadithi kamili, kwaya ya waimbaji watatu na kipande cha pili cha kuchezea ambapo magitaa yanasemezana, hazitungwi na mtu anayewaza kodi ya chumba. Zinatungwa na watu wanaokutana mazoezini siku baada ya siku, mwaka baada ya mwaka.

Upande wa pili unauma. Nyimbo zilikwenda kurekodiwa Radio Tanzania, Barabara ya Pugu, na zikabaki kule. Nchi haikuwa na soko la sahani la kueleweka. Aliyetaka santuri yake iuzwe alitazama Nairobi. Mwimbaji na mpiga gita Mbaraka Mwinshehe alifanya hivyo, na kazi zake zikavuma Kenya kama Tanzania. Redio ilimpa mwanamuziki umaarufu wa taifa zima, lakini umaarufu huo ulirudi kwake kwa njia moja tu: kiingilio cha mlangoni, ambacho nacho kilipita kwanza kwa mwenye vyombo. Sheria ya hakimiliki iliyoleta COSOTA, taasisi ya kusimamia haki za wasanii, ilipitishwa 1999. Wengi walikuwa wameshazeeka au wameshazikwa.

Lakini kuna jambo moja ambalo hadithi ya unyonyaji huliruka, na kwangu ndilo kiini cha mjadala wote. Mwanamuziki wa dansi alikuwa anaweza kuondoka. Mwaka 1985 mfanyabiashara Hugo Kisima aliwachomoa wanamuziki kadhaa wa Mlimani Park, Gurumo na mpiga gita Abel Balthazar wakiwemo, akaunda nao International Orchestra Safari Sound. Mjini yalikuwa maneno mwezi mzima. Gurumo mwenyewe alikuwa ametoka JUWATA kuja Mlimani Park, akaenda Safari Sound, na mwisho akarudi nyumbani Msondo. Cosmas Chidumule, sauti ya "Neema", aliacha dansi kabisa akageukia nyimbo za Injili. "Neema" ikabaki kwa Sikinde, kama Mlimani Park ilivyojulikana kwa wapenzi wake, yeye akaondoka na koo lake. Vyombo na nyimbo viliachwa, ila mtu hakudaiwa nauli ya kutokea.

Linganisha na leo. Vyombo havina tena uzito: kompyuta moja, kadi ya sauti na maikrofoni ya wastani vinatosha kutengeneza wimbo utakaopigwa Lagos. Ungetarajia mwenye vyombo afe kifo cha kawaida. Hakufa. Alihamia kwingine. Kilicho ghali sasa ni kusikika: video ya kiwango, safari, mavazi, kolabo na jina kubwa, kusukumwa redioni na mitandaoni mwaka wa kwanza ambapo msanii haingizi hata shilingi. Anayelipa hayo ni lebo, na lebo hainunui gita. Inanunua muda wa mtu.

Mwimbaji Harmonize alitambulishwa na WCB Wasafi, lebo ya Diamond, mwaka 2015 kwa "Aiyola". Kabla ya hapo nani alimjua? Tuwe wakweli. Miaka mitatu baadaye "Kwangwaru", aliyoimba na bosi wake huyo, ilikuwa inachezwa harusini kuanzia Mtwara hadi Mombasa. Mwaka 2019 akaondoka, na kwa maneno yake mwenyewe alitakiwa kulipa shilingi milioni 500 ili awe huru, akauza na nyumba. Nchi ikagawanyika. Waliomtetea walisema mtu hawezi kuuziwa jina lake. Waliomtetea Diamond waliuliza swali ambalo nami naliona halali: kama msanii akishatoboa anaruhusiwa kuondoka bure, nani atakubali kumgharimia asiyejulikana? Kwa mmoja anayetoboa, lebo ina wengine ambao fedha zao zimeteketea na hakuna anayewakumbuka. Hata mkulima hapandi mikorosho kwenye shamba ambalo mavuno ya kwanza tu yakitoka anafukuzwa.

Harmonize akaanzisha lebo yake, Konde Music Worldwide, akamchukua msanii chipukizi Ibraah mwaka 2020. Kilichofuata kila mtu anakijua. Mwaka 2025 Ibraah aliwaomba mashabiki wamchangie, akidai kuwa anatakiwa kulipa shilingi bilioni moja ndipo aachiwe. BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa, ikaingia kati. Ni rahisi kucheka na kusema mkuki kwa nguruwe, na wengi walicheka. Mimi nadhani kicheko kilitupotezea somo. Mtu aliyewahi kusimama upande wa anayetoka, akalia hadharani kwa uchungu wa bei ya mlango, alipokaa kwenye kiti cha mwenye lebo akajikuta naye akituhumiwa kuweka mlango uleule. Hiyo inaniambia kwamba tatizo halimo sana kwenye roho za watu hawa wawili. Limo kwenye aina ya mkataba tuliyoizoea.

Maana ukiuangalia mjadala wenyewe, asilimia ndizo zinazopigiwa kelele: sitini kwa arobaini, nani amemla nani. Asilimia zinaweza kuwa mbaya na bado mtu akaishi. Yanayomfunga ni mambo mawili yasiyozungumzwa sana. La kwanza ni kwamba mara nyingi nyimbo na chaneli ya YouTube zinabaki kwa lebo, kama gita la Urafiki Jazz lilivyobaki kiwandani. Tofauti ni kwamba gita la Urafiki lilichakaa. Wimbo ulioko mtandaoni hauchakai, unaendelea kuingiza usiku na mchana. La pili ni bei ya kutoka isiyo na hesabu. Milioni 500 ya nini? Bilioni moja ya nini? Kama lebo ilitumia milioni 200 kumjenga mtu na ameshairudishia mara tatu kwa shoo na matangazo, faini inalipa deni gani? Na kama hajairudishia hata nusu, kwa nini karatasi za matumizi zisiwekwe mezani ili shabiki anayeombwa mchango ajue anachangia nini?

Kwa hiyo kati ya pande hizi mbili, nasimama na mwenye lebo kwenye gharama na nasimama na msanii kwenye mlango. Mwekezaji arudishiwe chake na faida yake juu, tena nono, kwa sababu alithubutu. Lakini mkataba useme tangu siku ya kwanza, kwa tarakimu, lini deni linahesabiwa limekwisha, na nyimbo zirudi kwa aliyeziimba baada ya miaka inayotajwa. Waimbaji Rayvanny na Mbosso waliondoka Wasafi, wa kwanza mwaka 2022, wa pili mwaka 2025, na Wasafi haijafungwa. Lebo inayoogopa mlango ina wasiwasi na kitu kingine.

Kuna watakaoniambia kuwa hata kujimiliki si dawa, na watakuwa na hoja. Mbaraka Mwinshehe aliacha Morogoro Jazz mwaka 1973 akaunda Super Volcano yake, akawa mwenye bendi yake mwenyewe. Januari 1979 akafa katika ajali ya gari Mombasa, hajatimiza miaka 35. "Shida" bado inapigwa kwenye baa, redio na mabasi ya mikoani. Ningependa kujua, kila inapopigwa, senti yake inasimama kituo gani.