Sauti ya Kale Ilitoka kwenye Magitaa Mapya

Mwaka 1966 mpiga gitaa Mwingereza Eric Clapton aliingia studio za Decca jijini London pamoja na bendi ya bluzi ya John Mayall, akiwa na gitaa la kampuni ya Gibson, aina ya Les Paul, alilolinunua dukani. Gibson walikuwa wameacha kutengeneza umbo lile tangu mwishoni mwa 1960, kwa hiyo gitaa lenyewe lilikuwa na umri wa mtoto wa darasa la kwanza. Sauti iliyotoka kwenye rekodi ile ndiyo iliyowafanya wapiga gitaa wa Uingereza na Marekani wayasake kwa udi na uvumba magitaa ya 1958 hadi 1960, na leo moja linaweza kuuzwa zaidi ya dola 200,000. Mnunuzi huambiwa kwamba mbao zimekauka, sumaku zimekomaa, rangi imepungua uzito na sauti imeiva kwa miaka mingi. Lakini sauti anayoitamani, ile iliyo kwenye santuri, ilitoka kwenye gitaa ambalo halikuwa limepata muda wa kukauka wala kuiva.

Tazama na wengine. B.B. King alirekodiwa jukwaani Regal Theater, Chicago, tarehe 21 Novemba 1964, na magitaa ya Gibson ya ukoo wa ES-335, ambayo ndiyo aliyokuwa akiyapiga miaka ile, yalianza kutengenezwa mwaka 1958. Albert King alirekodi kwenye studio za Stax, Memphis, mwaka 1966 na 1967, akiwa na Flying V, gitaa lenye umbo la mshale ambalo Gibson walilitoa 1958 na likakosa wateja kiasi kwamba yaliyouzwa kwa miaka miwili ya mwanzo hayakufika 100. Muddy Waters alianza kupiga Telecaster, gitaa la kampuni ya Fender, mwishoni mwa miaka ya 1950, na Telecaster yenyewe haikuwa na hata miaka kumi sokoni. Rekodi zote tunazozitaja tukisema "sauti ya zamani" zilipigwa na watu wenye vyombo vya kawaida vya wakati wao. Hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa anatafuta gitaa la miaka sitini.

Naliandika hili kwa sababu naipenda bluzi kwa moyo wote, na inaniuma kuona kijana mwenye masikio mazuri anakata tamaa kwa kuamini kwamba sauti ile imefungiwa kabatini kwa matajiri.

Turudi nyuma kidogo, maana historia inaeleza mambo kuliko bei. Mwaka 1941 Alan Lomax, aliyekuwa akifanya kazi kwa ajili ya Maktaba ya Bunge la Marekani, alimrekodi Muddy Waters kwenye shamba la Stovall, karibu na Clarksdale, Mississippi, akipiga gitaa kavu. Mwaka 1943 Muddy akahamia Chicago. Huko kwenye mitaa ya South Side alikuta baa zimejaa watu waliotoka zamu viwandani, wanakunywa, wanacheka, wanaitana kutoka kona moja hadi nyingine, na gitaa kavu halisikiki hata meza ya pili. Akachukua la umeme. Mwaka 1948 akatoa santuri kwa kampuni ya Aristocrat, ambayo baadaye iligeuka kuwa Chess.

Zisikilize rekodi za 1941 na za 1948 moja baada ya nyingine. Vyombo ni tofauti kabisa, lakini mtu ni yule yule. Kile kipande cha chupa au chuma anachokitelezesha juu ya nyuzi kinafuata koo lake: kinaifikia noti kwa kuchelewa, kinaipita kidogo, kisha kinarudi na kutulia. Umeme haukumpa Muddy sauti. Ulimpa nguvu ya kusikika, na kelele za baa zikamfundisha kupiga kwa uzito zaidi. Naamini kelele zile zina mchango mkubwa kwenye sauti ya Chicago kuliko mti wowote uliowahi kukatwa.

Sasa gitaa la umeme lenyewe linafanyaje kazi? Pikapu, yaani kile kisanduku kilicho chini ya nyuzi, ni sumaku iliyozungushiwa waya wa shaba maelfu ya mara. Uzi wa chuma ukitikisika juu yake unavuruga uga wa sumaku, umeme mdogo unazaliwa kwenye waya, unakwenda kwenye amplifaya. Pikapu haisikii mbao, inausikia uzi. Mbao na daraja, yaani pale nyuzi zinapoegemea, vina kazi yake, kwa sababu vinachangia uzi utatikisika kwa muda gani na kwa namna gani, lakini athari hiyo ni ndogo ukiilinganisha na pikapu, spika na mkono.

Na hapa wapenzi wa magitaa ya kale wana haki yao, nami sitawanyima. Seth Lover, fundi wa Gibson huko Kalamazoo, Michigan, alibuni pikapu yenye koili mbili, yaani misokoto miwili ya waya, zinazofuta ule mvumo wa umeme wa nyumbani. Maombi ya hataza, yaani haki ya kisheria ya mbunifu, yaliwasilishwa 1955, hataza ikatolewa 1959, na pikapu za miaka ile zikawa zinabandikwa kikaratasi kusema kwamba hataza imeombwa. Hizo zenye kikaratasi ndizo watu wanazozililia. Kila koili ilikusudiwa kuwa na mizunguko kama 5,000 ya waya wenye unene wa milimita 0.06 hivi, ila kazi haikuwa na usahihi wa mashine za leo. Pikapu moja ilitoka na mizunguko mingi, ikawa na nguvu na uzito. Ya pembeni yake ikapungukiwa, ikawa na mng'ao. Koili mbili za pikapu moja nazo mara nyingi hazikulingana, na kutolingana huko huacha sauti za juu zipite vizuri zaidi. Sumaku za alniko, mchanganyiko wa alumini, nikeli na kobalti, ziliwekwa za aina tofauti, kadiri zilivyopatikana.

Kwa hiyo ni kweli kwamba baadhi ya pikapu za miaka ile ni tamu mno. Lakini utamu huo ulikuwepo siku zilipotoka kiwandani, na uliletwa na kutofautiana kwa kazi ya mikono. Kuna zilizotoka nzuri na kuna zilizotoka hovyo. Zile za hovyo ziling'olewa au zikasahauliwa. Nzuri zikatunzwa, zikarekodiwa, zikapewa majina. Ukiyasikiliza magitaa mashuhuri ya zamani unasikiliza yaliyochaguliwa na wapigaji hodari kwa zaidi ya nusu karne, si wastani wa yaliyotengenezwa. Hoja hii sijaona muuzaji akiigusa.

Mkono ndio mjadala wenyewe. Tafuta picha zozote za video za B.B. King uuangalie mkono wake wa kushoto tu. Kidole cha shahada kinabonyeza uzi, gumba linaachia shingo ya gitaa, na kiganja chote kinapepea kikizunguka kwenye ncha ya kidole hicho kimoja. Uzi unapanda na kushuka kiasi kidogo sana, kwa mwendo usiobadilika, kisha kiganja kinatulia na noti inakufa yenyewe. Alieleza kwamba alikuwa anajaribu kuipata sauti ya Bukka White, binamu ya mama yake, aliyepiga kwa kipande kinachoteleza juu ya nyuzi. Mbinu ile ilimshinda, akautafuta mtetemo kwa mkono mtupu. Tena hakuwa na desturi ya kuimba na kupiga kwa wakati mmoja. Anaimba mstari, ananyamaza, gitaa linaitikia; kwa hiyo kila jibu la gitaa lina pumzi, lina mwanzo na mwisho kama usemi wa mtu. Mpe gitaa la mtaani lililopangwa nyuzi vizuri, ndani ya noti tatu ungemjua.

Albert King alikuwa anatumia mkono wa kushoto, na alilipindua gitaa bila kubadilisha mpangilio wa nyuzi. Nyuzi nyembamba zikawa juu, karibu na uso wake, na badala ya kuzisukuma kwenda juu kama wengine, alizivuta kuelekea sakafuni kwa nguvu ya mkono mzima. Alikuwa pandikizi la mtu. Nyuzi alizilegeza kuliko kawaida, akazipiga kwa nyama ya kidole gumba, bila kipande cha plastiki. Ndiyo maana uzi wake unapanda mbali, unachukua muda, unafika umebeba kilio. Stevie Ray Vaughan, aliyemfuata Albert kwa ukaribu sana, alipita njia ya peke yake: nyuzi nene zinazoanzia inchi 0.013, zikashushwa nusu toni, zikapigwa kwa nguvu ya kuchubua vidole. Hubert Sumlin, aliyempigia mwimbaji Howlin' Wolf, alipiga kwa vidole vitupu, na noti zake zinaruka pale usipozitarajia. Hakuna duka linalouza vitu hivyo.

Kuna jambo jingine ambalo halitajwi sana. Imani iliyotawala ni kwamba sauti ya bluzi haiji ila kwa amplifaya za vali, zile zenye taa za kioo ndani, na kwamba transista huua roho. Lakini Albert King kwenye miaka ya 1970 alikuwa jukwaani na amplifaya za kampuni ya Acoustic, ambazo ni transista tupu. B.B. King aliipenda sana Lab Series L5, nayo ni transista, akaitumia kwa miaka mingi. Wafalme wawili wa bluzi, wenye uwezo wa kununua chombo chochote duniani, waliridhika na kile ambacho wauzaji wa ukale wanakiita takataka. Mimi mwenyewe ukinipa nichague nitachukua vali, kwa sababu vali ikisukumwa hadi mwisho wa nguvu zake hukwaruza kwa namna inayofuata mguso wa mkono: piga pole inasafika, piga kwa nguvu inaunguruma. Ila hayo ni mapenzi yangu, si sheria ya bluzi.

Hata kwa Clapton, ukiniuliza, siri ilikuwa ukubwa wa sauti zaidi ya Les Paul yenyewe. Alikuwa na amplifaya ya Marshall, iliyotengenezwa London kwa kufuata mchoro wa amplifaya ya Fender iitwayo Bassman, akaifungua sana ndani ya studio, jambo ambalo mafundi wa kurekodi hawakulizoea. Walimwomba apunguze, akakataa, ikabidi maikrofoni iwekwe mbali na spika. Amplifaya ikiwa imefunguliwa hivyo, hewa inayotoka kwenye spika inaurudia uzi na kuutikisa upya, noti inabaki hai. Chukua gitaa lile lile ulipige kwa sauti ya chini sebuleni, hutapata hata robo.

Kisa cha Peter Green, mpiga gitaa wa bendi ya Fleetwood Mac, kinanivutia zaidi, kwa vile kinatokana na kasoro. Kwenye Les Paul yake ya 1959, sumaku ya pikapu ya upande wa shingo ilikuwa imegeuzwa. Pikapu mbili zikiwashwa pamoja zinapingana: sauti nzito zinafutana, inabaki sauti nyembamba, ya puani, yenye upweke. Fundi yeyote wa kiwanda angeiona ni makosa na kuirekebisha. Green aliisikia, akaitunza, akaitumia kwa uchache pale wimbo ulipoihitaji. Baadaye gitaa hilo likaenda kwa mpiga gitaa Gary Moore, na mwaka 2014 likanunuliwa na Kirk Hammett wa bendi ya Metallica. Moore alipolipiga lilisikika Moore, Hammett akilipiga linasikika Hammett. Gitaa moja, sumaku ile ile iliyogeuka, watu watatu.

Sisi tuliokulia kwenye muziki wa dansi hatukupaswa kuhitaji ushahidi huo. Wapiga solo wengi wa bendi zetu hawakumiliki magitaa. Vyombo vilikuwa mali ya mwenye bendi, na mtu akihama aliondoka mikono mitupu. Mbaraka Mwinshehe alipoiacha Morogoro Jazz mwaka 1973 na kuunda Super Volcano, wapenzi hawakuuliza amekuja na gitaa la mwaka gani. Solo ilikuwa yake. Na mwaka uliofuata, Septemba 1974, B.B. King alisimama kwenye uwanja wa Kinshasa katika tamasha lililowakutanisha wanamuziki wa Marekani na wakali wa Zaire, akina Franco na Rochereau. Picha za siku zile zipo. Mtetemo wa kiganja ni ule ule wa Chicago.

Kwa hiyo mwenye fedha kidogo na hamu kubwa namshauri hivi: tafuta gitaa jipya la bei ya kawaida linaloshika sauti, ulipeleke kwa fundi alinyooshe shingo na kusawazisha urefu wa nyuzi. Nunua amplifaya ndogo ambayo unaweza kuifungua hadi ikwaruze bila majirani kukuitia mjumbe. Pikapu badilisha ukishajua unachokosa, kabla ya hapo usiguse. Kisha chukua rekodi ya Regal, uchague noti moja ndefu, uiimbe kwa mdomo hadi uijue inapoanzia na inapokatikia, ndipo uitafute kwenye uzi.