Tope la Bahi na lile la Kongo

Fika Bahi mwezi wa tatu, mwaka ambao mvua zimekubali, utasahau kwamba uko Dodoma. Mto Bubu umemwaga maji, majaruba ya mpunga yamejaa, wavuvi wanatoa kambare. Rudi Oktoba: udongo umekauka na kupasuka, kwato ya mbuzi inazama kwenye ufa.

Ufa huo ndio ulionifundisha habari za ardhi ya mboji. Siyo mboji ya bustanini. Ni majani, mizizi na magogo yaliyoangukia maji yaliyotuama, yakakosa hewa, yakabaki yameoza nusu. Tabaka huongezeka kama milimita moja tu kwa mwaka. Kwetu hewa inaingia kila kiangazi na kumaliza kazi.

Sasa tazama bonde la Kongo. Mwaka 2017 wanasayansi walitoa ramani ya vinamasi vyake vya mboji: kilomita za mraba 145,500 hivi, zaidi ya mara tatu ya mkoa wetu, na ndani yake kaboni inayokadiriwa kufika tani bilioni 30. Mlinzi wake ni maji. Joto likizidi na kiangazi kikirefuka, maji hushuka, vijidudu hupata hewa, kaboni hupanda angani kuongeza joto lile lile. Na imewahi kutokea. Utafiti wa 2022 ulionyesha kwamba hali ya hewa ya huko ilipokauka, hadi kilele cha miaka kama 2,000 iliyopita, mboji nyingi ya kale iliozea mbali. Hapakuwa na trekta wala mfereji.

Moto nao ni balaa jingine. Indonesia, 2015, mboji iliyokaushwa iliungua chini kwa chini, kama tanuri la mkaa lisilo na mwenyewe, moshi ukafika Singapore.

Ndiyo maana nakereka kinamasi kikiitwa ardhi iliyolala. (Kweli, kikilowa hutoa methani, gesi inayoongeza joto, ila hiyo si sababu ya kufungulia ghala lote.) Hapa mjini habari ya tabianchi ni miti, miti, miti. Sawa, hata mimi nimepanda miembe miwili. Mmoja umeliwa na mbuzi wa jirani, nitapanda mwingine mvua zikianza. Mboji ya mita moja inataka miaka elfu hivi. Ningegawa mimi fedha za tabianchi, ningeanza na vijiji vya Kongo vinavyokiacha kinamasi kibaki na maji yake, miche ingefuata.