Samaki wa Mama Karanga Naye Apimwe

Miaka michache iliyopita, harusini kwa binamu yangu hapa Lamu, tulikula wali na jodari wa kukaanga. Sinia hazijaondolewa, dada yangu akawa ameiva uso kama aliyeshinda juani. Midomo yamuwasha, kichwa chamgonga, moyo wamwenda mbio. Baada yake wakafuata wengine wanne. Wazee wakasema ni jicho. Kituo cha afya tulikowapeleka wakasema ni mzio, wakatoa vidonge, na kufika magharibi wote walikuwa na nafuu. Hakuna aliyeuliza yule samaki alivuliwa saa ngapi, wala aliyeweka kando kipande kikapimwe.

Nilikuja kuelewa baadaye, kwa kusoma. Nyama ya jodari, nguru na vibua ina kitu ambacho samaki akikaa kwenye joto, bakteria hukigeuza kuwa histamini, sumu inayoleta dalili kama za mzio. Na histamini ikishaingia haitolewi na moto. Mkaange samaki mpaka akauke, mtie ndimu na pilipili upendavyo, sumu iko pale pale. Tena anaweza kuwa nayo na bado akanukia vizuri. Shangazi yangu ni mama karanga, yaani mwanamke wa kukaanga samaki na kuuza, na ameifanya kazi hiyo karibu na gati kwa zaidi ya miaka ishirini. Humfunua samaki matamvua kwa kidole gumba atazame wekundu, kisha humbonyeza mgongoni aone kama nyama yarudi. Kwa samaki aliyevunda namwamini kuliko mtu yeyote. Lakini histamini haishikiki kwa kidole, na hilo si kosa lake.

Dawa yake ni barafu, na barafu ndipo penye shida. Msimu wa kaskazi, bahari ikitulia na jodari wakijaa, ndio huo huo msimu wa joto kali. Ami yangu hutoka usiku na kurudi jua likiwa limepanda. Pale dikoni, wavuvi wanaposhusha samaki, tajiri anayenunua samaki anamngoja na friji bovu lililolazwa chali, limejazwa barafu. Kamba na samaki wakubwa huingia humo moja kwa moja, maana wanakwenda mahotelini na mbali zaidi, na huko mnunuzi hudai karatasi za ukaguzi. Wanaobaki hulazwa kwenye ndoo chini ya gunia bichi, wakingoja mama karanga wamalize kupatana bei. Hao ndio tunaokula sisi.

Na fedha za utafiti zimefuata njia ile ile ya friji la tajiri. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Ulaya ilipowafungia mlango samaki aina ya mbuta wa Ziwa Victoria, ukaguzi na maabara zilitengenezwa ili mlango ufunguke tena. Mwaka 2019 ripoti ya Global Food Safety Partnership, ushirika wa kimataifa wa usalama wa chakula, iliangalia miradi ya wafadhili ya usalama wa chakula barani Afrika, ikaona sehemu kubwa ya fedha imeelekezwa kwa bidhaa za kuuza nje, na kidogo mno kwa masoko ambamo Waafrika wenyewe hununua chakula. Haya ni katika bara ambalo, kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani ya 2015, watu zaidi ya milioni 91 huugua kila mwaka kwa chakula na 137,000 hufa.

Sisemi utafiti hausaidii. Mwaka 2004 sumukuvu, yaani sumu ya kuvu anayeota kwenye mahindi, iliua watu 125 katika wagonjwa 317, wengi wao Makueni na Kitui. Wanasayansi wakatafuta kuvu wa aina hiyo hiyo asiyetoa sumu, anayemwagwa shambani amsukume nje yule mwenye sumu, na dawa hiyo, Aflasafe, ikaidhinishwa Kenya mwaka 2015. Ni kazi ya kujivunia. Ila angalia mpangilio wake: vifo kwanza, fedha baadaye. Machi 2024, kisiwani Panza, Pemba, watoto 8 na mtu mzima mmoja walikufa kwa kula nyama ya kasa, na mpaka leo wataalamu hawajaitambua barabara sumu yenyewe. Kasa hauzwi Ulaya. Sidhani kwamba hayo mawili hayahusiani.

Wafadhili nao hawakai. Utafiti wa usalama wa chakula uliosimamiwa na Chuo Kikuu cha Purdue, Kenya ikiwa miongoni mwa nchi zake, ulilipiwa na USAID, shirika la misaada la Marekani, na USAID ilifungwa Julai 2025. Kwa hivyo nasema na serikali yetu. Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya 2013 inataka Hazina ya Taifa ya Utafiti ipewe asilimia 2 ya pato la taifa. Tuko mbali sana na hapo, na kila mwaka bajeti husomwa kana kwamba sheria hiyo haipo.

Mimi siombi jengo la ghorofa. Leo kipande cha samaki kutoka kwetu kikipelekwa kupimwa Mombasa huanza na boti hadi Mokowe, kisha basi la kutwa kupitia Malindi, na bila barafu kinafika hakifai hata kupimwa. Tuwekewe chumba kimoja hapa Lamu chenye vifaa vya kupimia histamini, na kijana wetu asomeshwe kuvitumia. Msimu mmoja mzima wa kaskazi, pimajoto itiwe ndani ya ndoo ya mama karanga tangu samaki anaposhushwa mpaka anapoingia karaini, saa kwa saa, ijulikane barafu kiasi gani yatosha na gharama yake aweze nani kuibeba. Na majibu yaletwe hapo hapo dikoni, kwa Kiswahili, shangazi akiwepo. Ana maswali yake, na la kwanza ni kama gunia bichi linasaidia chochote.