Mafuta ya maziwa, unyevu wa kahawa
Kila nikiona paketi ya maziwa ya Arla kwenye maduka ya hapa Denmark, naudhika. Maziwa yenyewe ni mazuri. Kinachoniudhi ni kwamba kampuni kubwa namna ile ni mali ya wafugaji wenyewe, ushirika kabisa, wakati kwetu Tanzania, kule Mbozi, Ileje au Rungwe, ukitaja chama cha ushirika kijiweni watu wanakuangalia kwa huruma.

Tofauti ninayoiona ni moja: kipimo. Mfugaji wa huku halipwi kwa wingi wa maziwa tu. Yanapimwa mafuta na protini, bei inafuata. Aliyelisha ng'ombe vizuri anapata chake.

Kwetu kahawa ya maganda, yaani iliyooshwa na kuanikwa ikiwa bado na ganda lake la ndani, inatakiwa ifike chamani na unyevu usiozidi asilimia 12. Pale pasipo na kipima unyevu, karani anauma punje kwa jino, kisha anaandika kilo. Sasa pigeni hesabu. Kilo 100 zenye unyevu wa asilimia 16 zina kilo 84 tu za kahawa, nyingine ni maji. Zikikauka hadi asilimia 12 zinabaki kilo 95 na nusu hivi. Zile nne na nusu zimeshaandikwa kitabuni na malipo ya awali yametoka. Nani anazifidia? Wote, kwenye malipo ya pili yanayokuja baada ya mauzo, pamoja na yule mama aliyegeuza kahawa yake mezani kutwa nzima na kuifunika mvua ilipotanda. Tena iliyo mbichi ikikaa ghalani inaota ukungu, inaharibu ladha ya shehena yote, daraja linashuka mnadani. Msimu ujao mama huyo anauza kahawa nje ya chama, ikiwa bado mtini. Mnamwita msaliti wa ushirika. Mimi siwezi.

Najua nitaambiwa nimeshiba, nimesahau vumbi la Vwawa. Ndugu zangu, sidharau kwetu. Mtu anayechuma kahawa nyekundu tupu kwa mkono, akaimenya siku hiyo hiyo, akaivundika, akaiosha na kuianika, hakuna mfugaji wa huku anayemzidi bidii. Ndiyo maana inauma jasho lake likichanganywa na maji ya mwenzake.

Wengine watasema: "Wazungu wana hela." Ushirika wa kwanza wa maziwa hapa ulianzia Hjedding mwaka 1882, kwa wakulima wa kawaida waliodhaminiana mkopo na kufungwa na mkataba wa kupeleka maziwa yao yote kiwandani. Kipima unyevu cha mkononi kinanunulika kwa magunia machache ya kahawa.

Mwingine atanitajia 1976, serikali ilipovunja vyama vikuu vya ushirika. Ni kweli, na jeraha lile halijapona. Lakini halimzuii mjumbe wa bodi wa leo kufanya haya: sampuli ichukuliwe juu, katikati na chini ya gunia, maana wanaoficha mbichi huiweka chini. Asilimia iandikwe kwenye stakabadhi, pembeni ya kilo. Iliyozidi 12 irudi kuanikwa, hata ikiwa ya mwenyekiti, na hasa ikiwa ya mwenyekiti. Mizani ikaguliwe na Wakala wa Vipimo kabla msimu haujafunguliwa. Na kwenye mkutano mkuu zisomwe kilo zilizopokelewa, kilo zilizouzwa, na tofauti yake, kwa sauti, kabla hazijafikiwa posho za wajumbe.