Kiswahili cha Masaki ni cha kuamrisha

Juzi dada yangu kanitumia WhatsApp picha ya ripoti ya mwanawe, furaha tele. Hisabati safi, sayansi safi, kuogelea ndiyo usiseme. Chini kabisa, Kiswahili, kundi la wanaoanza: anaendelea vizuri, sasa anazitaja rangi na siku za wiki. Mpwa wangu yuko Mwaka wa Sita, shule ya mtaala wa Uingereza. Kazaliwa Dar, kakulia Dar, baba Mnyakyusa, mama Mzaramo. Anajua rangi. Hongera zake.

Kabla hamjanirukia, hizi shule za mtaala wa Uingereza sina ugomvi nazo kwa wale waliowekewa. Mtu kaletwa na ubalozi au kampuni ya gesi, leo yuko Masaki, mtaa wa wenye nazo hapa Dar, baada ya miaka miwili anapelekwa Jakarta, mwanawe afanyeje? Anafungasha madaftari, anaendelea kulekule alikoishia, IGCSE yake, ule mtihani wa kimataifa wa sekondari, anafanyia popote. Hilo nalikubali, na walimu wao, lazima niseme, wanafundisha kweli. Ada siigusi, nisije kupandisha presha bure.

Ugomvi wangu ni na sisi wenye mji.

Maana Kiswahili yule mtoto anacho, ila kaeni mkisikilize. Kakiokota kwa dada wa kazi, kwa dereva, kwa mlinzi. "Leta maji." "Fungua geti." "Toa hii." Hana "naomba", hana "samahani", na atazipata wapi? Baba na mama nyumbani ni Kiingereza, mwalimu Kiingereza. Mtu mzima pekee anayemsemesha Kiswahili kutwa nzima ni yule anayelipwa kumhudumia.

Idi iliyopita tulikuwa Magomeni kwa mama. Tumemaliza pilau, mama kakaa mkekani, ndiyo kwanza ananyoosha miguu. Mtoto akamgeukia: "Bibi, leta juisi." Wala hakuwa na jeuri, uso mkunjufu kabisa, ndivyo anavyojua kuomba. Mama akacheka, akajiinua na magoti yake yale kwenda kufuata jagi. Mimi sikucheka. Dada yangu akajitia kusoma simu.

Kwa hiyo msiniambie hajui Kiswahili. Amejifunza vizuri sana kwamba ni lugha ya kusemeshea watumishi, na sisi ndio tuliomfundisha, kwa gharama kubwa.

Shule nayo haijasaidia. Inamweka benchi moja na mtoto mgeni aliyeshuka uwanja wa ndege Kipawa mwezi uliopita, wote wawili wanaimba Jumatatu, Jumanne. Mtaala haukatazi zaidi ya hapo, Cambridge wenyewe, wanaotunga mitihani hiyo, wana mtihani wa Kiswahili katika IGCSE. Halafu inakuja siku ya mataifa, kila nchi na meza yake, na Tanzania nayo imepewa meza: kanga mbili, sahani ya vitumbua. Yaani tumekaribishwa Dar es Salaam, jamani, tushukuru! Siku ya Kiswahili Duniani ni 7 Julai, nyingi ya shule hizi wakati huo zimeshafunga au zinafungasha. Imekaa vizuri kweli.

"Atajifunza mtaani." Mtaa upi? Mtoto anatoka getini yuko ndani ya gari, anashushwa ndani ya geti lingine. Muuza madafu anamwona kupitia kioo cha tinti.

Dada yangu nimeshamwambia, na kanuna. Aende shule akadai mwanawe atolewe kwa wanaoanza. Wakisema hakuna kundi jingine, basi wazazi wa Kitanzania pale ni wengi, wakae wadai kundi lifunguliwe, apatikane mwalimu wa kuwasomesha hadithi na mashairi, maana ada wanalipa sawa na wenzao. Na Jumamosi amlete Magomeni, dada wa kazi abaki, dereva aondoke. Mama amekubali, tena kwa mikono miwili. Anasema ana siku nyingi hajapata mtoto wa kumtuma dukani.